Mwenye Uwanja na Wenye Magari

Tarehe 26 Mei 1996 Wamarekani walikuwa na mbio mbili za magari za maili 500 kwa siku moja. Moja ilikuwa Indianapolis, kwenye uwanja wenye viti zaidi ya laki mbili. Nyingine ilikuwa Michigan, jimbo la jirani. Aliyetaka kuwaona madereva wakubwa wa wakati huo alikwenda Michigan. Aliyetaka kuziona mbio zenyewe, zile alizosimuliwa na babu yake, alikwenda Indianapolis. Kuvipata vyote viwili haikuwezekana, na waliopanga hivyo walijua wanachokifanya.

Mgogoro uliozaa siku ile nimeufuatilia kwa muda mrefu, na si kwa sababu ya mapenzi ya injini. Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hii imenizoesha kusoma katiba ya chama kabla ya kusoma matokeo. Humu ndani kuna kila anachokitafuta msomaji wa riwaya ndefu ya ukoo: babu aliyenunua ardhi, mjukuu aliyerithi, wapangaji walioasi, ndege iliyoanguka, korti, ufilisi, na mzee mmoja aliyeanza kama mwasi akaishia kuwa mwenye nyumba. Chini ya yote hayo kuna swali moja ambalo hawakuwahi kulijibu vizuri. Mashindano ni mali ya nani, mwenye uwanja au wenye magari? Na yule mtu wa tatu, anayeshika saa na kitabu cha kanuni, analipwa na nani?

Tuanze na ardhi, maana ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1909 wafanyabiashara wanne wa Indianapolis, wakiongozwa na Carl Fisher, walijenga njia ya mbio ya maili 2.5, yaani kilomita 4 hivi, yenye kona nne. Sakafu ya kwanza ya kokoto na lami ilivunjikavunjika na kuua watu katika mbio za mwanzo tu. Kabla mwaka haujaisha wakaitandika upya kwa matofali yapatayo milioni 3.2. Leo kote ni lami, isipokuwa mstari mmoja wa matofali wenye upana wa yadi moja pale pa kumalizia, ambao washindi huupigia magoti na kuubusu. Mbio za kwanza za maili 500 zilifanyika 1911, na Ray Harroun akazishinda.

Msimamizi wakati huo alikuwa AAA, chama cha wenye magari wa kawaida, kile ambacho hadi leo Mmarekani hukipigia simu gari likimzimikia barabarani. AAA haikumiliki uwanja wala haikuwa na timu. Ilitoa leseni, ilipima magari, ilihesabu mizunguko, ikatangaza mshindi. Ukiangalia hapo tu utasema huyu ndiye mwamuzi wa haki. Lakini AAA hiyohiyo haikuwapa leseni madereva weusi. Matokeo yake, kuanzia 1924 Wamarekani weusi walianzisha mbio zao, Gold and Glory Sweepstakes, palepale Indianapolis, kwenye uwanja wa maonyesho wa jimbo. Bingwa wao mkubwa, Charlie Wiggins, alikuwa fundi hodari, alizishinda mara kadhaa, na mwaka 1936 akapoteza mguu katika ajali ya mbio hizo. Hakuwahi kuruhusiwa kuanza mbio za Indy 500 zilizofanyika mji huohuo. Kwa hiyo tukubaliane mapema: msimamizi asiye na mali kwenye mchezo si lazima awe msimamizi mwenye haki.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia uwanja ulifungwa, na nyasi zikaota kati ya matofali. Mmiliki wa wakati huo, Eddie Rickenbacker, rubani shujaa wa vita ya kwanza, alikuwa tayari kuuza. Wilbur Shaw, aliyewahi kushinda Indy mara tatu, akazunguka kutafuta mnunuzi ambaye hangepageuza kuwa mtaa wa nyumba. Akampata Tony Hulman, mfanyabiashara wa Terre Haute ambaye familia yake ilikuwa ikiuza bekingi pauda. Hulman alinunua mwishoni mwa 1945, mbio zikarudi 1946. Kuanzia hapo neno Hulman na neno Indianapolis yakawa karibu kitu kimoja.

Halafu ukaja mwaka 1955. Tarehe 30 Mei, Bill Vukovich, aliyekuwa ameshinda 1953 na 1954, alikufa akiwa anaongoza Indy kwa mara nyingine. Siku 12 baadaye, Le Mans kule Ufaransa, gari liliruka likaingia kwenye watazamaji, watu zaidi ya 80 wakafa. AAA ikaona inatosha. Ikatangaza inajitoa kwenye mbio za magari. Ndipo Hulman na wenzake wakaunda chama kipya, USAC, kushika ile kazi ya usimamizi. Badiliko hili huandikwa kwa sentensi moja katika vitabu vingi vya historia ya mchezo huu, nami naliona ndilo mwanzo wa yote. Msimamizi aliyekuwa mgeni aliondoka, akaja msimamizi aliyezaliwa mlangoni kwa mwenye uwanja.

Kwa miaka 20 na kitu hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu mzee Hulman alikuwa mtu wa watu. Lakini amani inayokaa juu ya tabia ya mzee mmoja huondoka naye. Hulman alifariki Oktoba 1977. Aprili 1978 ndege ndogo iliyokuwa ikiwarudisha maafisa wa USAC kutoka mbio za Trenton ilianguka Indiana, na maafisa wanane wakafa. Chama kilichokuwa tayari kinayumba kikapoteza vichwa vyake kwa mkupuo mmoja.

Mwaka huohuo Dan Gurney, dereva wa zamani aliyekuwa sasa na timu yake, aliwaandikia waraka wenye timu wenzake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Sisi ndio tunaonunua magari, tunalipa mafundi na madereva, tunahangaika na wadhamini, lakini kwenye meza ya maamuzi sauti yetu haisikiki. Tazameni wenzetu wa Formula One walivyoungana wakaanza kujadiliana kwa nguvu moja. Wenye timu wakamsikia. Wakiongozwa na Roger Penske na Pat Patrick, wakaunda CART, chombo ambacho hata jina lake kwa Kiingereza linasema ni cha timu za magari ya ubingwa. Penske alikuwa amewahi kuendesha mbio mwenyewe kabla hajageukia biashara. Lishike jina hilo.

USAC ilijibu kama vinavyojibu vyama vyote vilivyoshikwa na hofu: ikapiga marufuku. Kabla ya Indy 500 ya 1979 timu sita za CART zilikataliwa, eti hazina uhusiano mwema na chama. Timu zikakimbilia mahakama ya shirikisho palepale Indianapolis, jaji akatoa amri waruhusiwe. Wakaingia uwanjani wakiwa na karatasi ya korti mkononi. Na nani alishinda? Rick Mears, dereva wa Penske. Sherehe ya ushindi ikafanyika kwenye ardhi ya watu waliotaka kumzuia tajiri wake.

Baada ya hapo walijaribu kuungana mwaka 1980, ikashindikana ndani ya miezi michache. Wakaishia kwenye suluhu ya ajabu kidogo. CART ikasimamia msimu mzima, USAC ikabaki na Indy 500 peke yake, na kuanzia 1983 pointi za Indy zikahesabiwa kwenye ubingwa wa CART. Yaani mbio kubwa kuliko zote katika msimu zilikuwa na msimamizi tofauti na kanuni tofauti. Kama ndoa, ingekuwa ya watu wanaolala nyumba mbili na kukutana kila Mei.

Mbaya zaidi, ilifanya kazi. Miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 magari haya ya kiti kimoja, yenye magurudumu nje ya bodi, yalipata umaarufu ambao hayajawahi kuurudia. Mwaka 1993 Nigel Mansell, bingwa wa dunia wa Formula One wa 1992, alihama Ulaya akaja kukimbia CART, akachukua ubingwa mwaka wake wa kwanza. Mambo yakiwa mazuri hivyo, nani atasumbuka kutengeneza katiba?

Lakini ndani ya CART kulikuwa na ufa. Bodi yake ilikuwa ya wenye timu, na mwenye timu anapopiga kura juu ya bei ya injini au ukubwa wa tanki la mafuta anapigia kura mfuko wake. Mwenye pesa alizidi kuwa na pesa. Mfano mzuri ni Indy ya 1994. Kanuni za USAC, zilizohusu mbio hizo tu, ziliruhusu injini za muundo wa zamani, zile zinazofungua vali kwa fimbo za kusukuma, ziwe kubwa zaidi na zipewe mgandamizo mkubwa zaidi wa tabo. Lengo lilikuwa kuwasaidia mafundi wadogo wanaounga injini kutokana na vipuri vya magari ya kawaida. Penske na kampuni ya Ilmor wakaisoma kanuni ileile kwa jicho la wakili. Wakatengeneza kwa siri injini mpya kabisa ya mbio yenye fimbo hizo, ikabandikwa jina la Mercedes, na Al Unser Jr. akashinda. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mlango uliowekwa kwa ajili ya maskini ulipitwa na tajiri, basi.

Mtu aliyekuwa akitazama haya kwa uchungu ni Tony George, mjukuu wa Hulman, aliyekuwa rais wa uwanja tangu 1990. Malalamiko yake hayakuwa ya kipuuzi, na nasisitiza hili kwa sababu wengi wanaoisimulia hadithi hii humfanya yeye ndiye shetani. Alisema gharama zimepita kiasi. Alisema vijana wa Kimarekani wanaokulia kwenye viwanja vidogo vya udongo hawapati tena njia ya kufika Indy, wanakimbilia NASCAR. Na kweli, mfano hai ulikuwa Jeff Gordon, aliyekulia sehemu ya ujana wake Indiana, akaenda NASCAR, na Agosti 1994 akashinda mbio za kwanza za NASCAR kwenye uwanja huohuo wa Indianapolis. George aliwahi kupewa kiti kwenye bodi ya CART, lakini kiti kisicho na kura. Mwenye ardhi ameitwa barazani, ameambiwa asikilize tu.

Machi 1994 akatangaza ligi yake, Indy Racing League, ambayo ingeanza 1996. Mwaka 1995 akaja na kanuni iliyofunga mlango. Katika nafasi 33 za kuanza Indy 500, 25 zingehifadhiwa kwa wanaoongoza pointi za ligi yake. Zingebaki nane za kugombaniwa na wengine wote. CART ikaona hiyo ni dharau, ikaandaa mbio zake Michigan siku ileile na kuziita U.S. 500. Na hivyo ndivyo tulivyofika ile Jumapili ya 1996.

Siku yenyewe haikumpa sifa mtu yeyote. Michigan, walipokuwa wakikaribia mstari wa kuanzia, wakubwa wale waliojitangaza kuwa ndio madereva wa kweli waligongana hata kabla mbio hazijaanza, na magari yapatayo dazani yakaharibika. Wengine walitoa magari ya akiba. Jimmy Vasser alishinda kwa gari la akiba, akatania kwamba maziwa hayana haja, akimaanisha maziwa ambayo mshindi wa Indy hunywa kwa desturi iliyoanzia miaka ya 1930.

Indianapolis, karibu nusu ya madereva walikuwa hawajawahi kuanza mbio zile. Siku tisa kabla, Scott Brayton, aliyepata nafasi ya kwanza ya kuanzia, alikufa mazoezini. Arie Luyendyk alikuwa ameweka rekodi ya kasi ya kufuzu, wastani wa maili 236.986 kwa saa, yaani kilomita 381 hivi, ambayo hadi leo haijavunjwa. Na aliyeshinda ni Buddy Lazier, kijana aliyevunjika mgongo katika ajali ya Phoenix mwezi Machi. Alikaa kwenye kiti chenye mito maalumu akaendesha maili 500 na maumivu yake. Watu wa CART walicheka kwamba ile ni Indy ya wasiojulikana. Mimi kila nikifika hapa kicheko kile hunikera. Mgongo wa Lazier haukuwa na upande katika mgogoro.

Kilichofuata ni miaka 12 ya kugawana umaskini. Walipelekana kortini mpaka kwa ajili ya neno IndyCar, ambalo uwanja ulikuwa umelikodisha kwa CART, na suluhu ikawa kwamba hakuna atakayelitumia mpaka mwisho wa 2002. Fikiria hilo wewe unayependa maneno. Mchezo mzima ulikaa miaka bila jina lake, kwa sababu ndugu wawili walikuwa wanaligombania. Mtu aliyewasha televisheni hakujua tena amwite nani bingwa. Pembeni, NASCAR iliendelea kukusanya mashabiki na wadhamini bila hata kutoka jasho.

Kuna matukio mawili ya miaka hiyo ambayo kwangu yanafundisha zaidi kuliko kesi zote. La kwanza ni Texas, Juni 1997, kwenye ligi ya George, USAC ikiwa bado ndiyo inayohesabu mizunguko. Billy Boat alitangazwa mshindi. Luyendyk akaja kwenye jukwaa la washindi akisema mmekosea hesabu, mimi ndiye. A.J. Foyt, mwenye timu ya Boat na gwiji wa mchezo, akamzaba kibao na kumwangusha. Kesho yake USAC ikapitia hesabu ikakuta Luyendyk alisema kweli. Foyt aligoma kurudisha kikombe. Baada ya hapo USAC ikanyang'anywa kazi ya kusimamia ligi ile pamoja na Indy 500, na ligi ikajisimamia yenyewe. Kosa la hesabu lilikuwa la kweli, lakini tazama dawa iliyochaguliwa: badala ya kutafuta mhesabuji bora wa nje, mwenye uwanja akaichukua kalamu.

La pili ni Texas tena, Aprili 2001, kwenye upande wa CART. Magari yao yalikwenda kasi mno kwenye kona zile zilizoinuka, mpaka wengi wa madereva wakaanza kupata kizunguzungu. Madaktari wa CART, wakiongozwa na Steve Olvey, walieleza kwamba mwili wa binadamu haujatengenezwa kubeba mzigo ule kwa muda ule. Saa mbili hivi kabla ya kuanza, mashabiki wakiwa wameshafika, mbio zikafutwa. Uwanja uliishitaki CART, ikagharimu pesa nyingi. Lakini hakuna aliyekufa. Septemba mwaka huohuo, Lausitz kule Ujerumani, Alex Zanardi alikatwa miguu yote miwili katika ajali, na madaktari haohao wakamwokoa asife kwa kutokwa damu. Chama kilichokuwa kinakufa kibiashara kilikuwa bado kinajua kazi ya chama ni nini.

Maana kilikuwa kinakufa kweli. CART iliuza hisa kwenye soko la New York mwaka 1998, kwa hiyo sasa ilikuwa na bwana mwingine tena wa kumridhisha. Timu zikaanza kurudi Indianapolis moja moja. Mwaka 2000 Chip Ganassi alimleta Juan Pablo Montoya, Mkolombia akaongoza mizunguko 167 kati ya 200 na kushinda. Mwaka 2001 akarudi Penske mwenyewe, ambaye hakuonekana kwenye Indy tangu aliposhindwa kufuzu 1995. Hélio Castroneves akamshindia, na nafasi sita za kwanza zote zikaenda kwa timu zenye asili ya CART. Kwa hiyo nani alishinda vita? Kwenye lami, wenye magari. Kwenye daftari la biashara, mwenye uwanja, kwa sababu wadhamini walishasema wazi: tunataka Indy. Mwaka 2002 Penske alihama moja kwa moja, Honda na Toyota wakafuata 2003, na mwisho wa mwaka huo CART ikawa mufilisi.

Januari 2004 mabaki yake yaliuzwa kortini. George alitoa pesa nyingi zaidi, jaji akawapa wenye timu watatu kwa sababu wao wangeendeleza mbio na mikataba iliyokuwapo. Wakasukuma mkokoteni kwa jina la Champ Car kwa miaka minne, Mfaransa Sébastien Bourdais akichukua ubingwa yote minne. Februari 2008 wakakubali yaishe, ligi zikaungana. Hata amani yenyewe ilikuja na mzaha wake. Ratiba zilikuwa zimeshagongana, kwa hiyo tarehe 20 Aprili 2008 zilifanyika mbio mbili tena, moja Long Beach ya waliotoka Champ Car, aliyoshinda Will Power, na nyingine Motegi, Japani, ambako Danica Patrick aliandika historia kama mwanamke wa kwanza kushinda mbio za ngazi ile. Safari hii pointi ziliingia kwenye kapu moja. Mwaka mmoja baadaye Tony George aliondolewa kwenye uongozi wa mali za familia yake mwenyewe.

Hapa msomaji anaweza kusema: basi dawa ni kuwa na bwana mmoja. Wengi Marekani husema hivyo, wakiitaja NASCAR, ambayo tangu ianzishwe na Bill France mwaka 1948 imekuwa mikononi mwa familia yake, ikimiliki ligi na viwanja vingi vinavyotumika. Haijawahi kupasuka. Ni kweli. Lakini tuulize ilizuiaje kupasuka. Mwaka 1961 dereva Curtis Turner alipojaribu kuwaingiza wenzake kwenye chama cha wafanyakazi, France alimfungia maisha, akamrudisha miaka minne baadaye. Mwaka 1969, uwanja mpya wa Talladega ulipozinduliwa, madereva wakubwa walisema tairi hazihimili kasi, wakaondoka. France akaendesha mbio na waliobaki. Bwana mmoja huleta utulivu, sawa, ila yeye ndiye anayeamua nani anyamaze.

Na ndiye anayeamua nani ameshinda. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, Wendell Scott wa Danville, Virginia, fundi mweusi aliyekuwa akitengeneza gari lake mwenyewe, alishinda mbio za ngazi ya juu ya NASCAR. Alimpita aliyemfuata kwa mizunguko miwili. Waliohesabu wakamtangaza Buck Baker, Mzungu, akapewa kikombe mbele ya umati. Saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshaondoka, wasimamizi wakakiri kwamba mshindi ni Scott. Kikombe hakukipata. Alifariki 1990, na familia yake ilikabidhiwa nakala Agosti 2021. Mweke sasa karibu na Luyendyk. Wote wawili walikosewa hesabu ya mizunguko, mmoja alisahihishiwa kesho yake mchana, mwingine familia yake ilingoja miaka 57. Hitilafu ya hesabu inaweza kumpata mtu yeyote. Muda wa kuirekebisha ndio unaokuonyesha chama kinamwona nani.

Dereva mweusi wa pili kushinda ngazi ile alikuwa Bubba Wallace, Oktoba 2021, kwa timu ya 23XI inayomilikiwa na Michael Jordan na dereva Denny Hamlin. Oktoba 2024 timu hiyo, pamoja na Front Row Motorsports, ikaishitaki NASCAR kwa kuhodhi soko, ikidai timu zinalazimishwa kusaini masharti yasiyo na dhamana ya kudumu. Kesi ilifika mahakamani Desemba 2025 na kumalizwa kwa suluhu. Ukiyasoma malalamiko yake utadhani Dan Gurney amefufuka.

Turudi Indianapolis. Novemba 2019 familia ya Hulman, baada ya miaka 74, ilitangaza inauza uwanja pamoja na ligi ya IndyCar. Mnunuzi alikuwa Roger Penske. Yule aliyeingia 1979 kwa amri ya korti sasa ana funguo za geti. Tena hakuacha timu yake. Mwenye uwanja, mwenye ligi na mwenye magari wamekuwa mtu mmoja, na lile swali la miaka yote likaonekana kama limejifuta lenyewe.

Halijajifuta. Aprili 2024 ushindi wa dereva wake Josef Newgarden huko St. Petersburg ulifutwa, baada ya kugundulika kwamba magari ya Penske yaliweza kutumia nguvu ya ziada ya injini wakati kanuni zinakataza. Mei 2025, kwenye kufuzu kwa Indy 500, magari mawili ya timu hiyo yakakutwa na kifaa cha usalama kilichochezewa, na viongozi watatu wa timu wakafukuzwa kazi. Waliotoa adhabu walikuwa waajiriwa wa ligi inayomilikiwa na Penske. Huenda walihukumu kwa haki tupu, na ushahidi wa adhabu zenyewe unaonyesha hawakumwogopa. Lakini timu nyingine zilikuwa na haki ya kuuliza, na ziliuliza. Mwaka huohuo IndyCar ikatangaza kwamba usimamizi wa kanuni utahamishiwa chombo huru, kisicho chini ya ofisi ya Penske.

Yaani wanatafuta tena kile walichokuwa nacho mpaka 1955: mtu asiye na uwanja, asiye na gari, mwenye saa na kitabu tu. Miaka 70, korti nne tano, ligi kadhaa zilizokufa, kizazi kizima cha mashabiki kilichohamia kwingine. Nami nawatakia heri, ila nikikumbuka Charlie Wiggins nje ya geti la AAA, nikamkumbuka Scott akingoja uwanja utupu, natamani mtu awaulize jambo moja kabla hawajasaini hiyo katiba mpya. Akikosea huyo msimamizi huru, anayekosewa atapeleka malalamiko kwa nani, na atajibiwa baada ya siku ngapi?